Kabla Matokeo Hayajasomwa

DADA: Haloo? Haloo! Naongea na nani hapo?

KICHWA: Dada, ni mimi, si umepiga wewe mwe—

DADA: Kichwa! Jamani, mdogo wangu! Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu.

KICHWA: Mama amefanya nini? Amelazwa wapi?

DADA: Shikamoo yangu iko wapi?

KICHWA: Shikamoo. Mama, Dada! Mama!

DADA: Marahaba. Mama mzima wa afya, nimemwacha nyumbani anagombana na redio.

KICHWA: Mzima?

DADA: Mzima.

KICHWA: Dada, mtu wa mapokezi ameingia mbio kwenye chumba cha hesabu, mbele ya wakubwa wote, anasema mama yangu ameanguka.

DADA: Sikusema ameanguka. Nilisema amekaa vibaya.

KICHWA: Dada!

DADA: Si uongo! Asubuhi kiti kilimtelezea kidogo, akakaa vibaya, akainuka mwenyewe akakitukana. Sasa ningekupataje bila kupiga mapokezi? Simu umeizima.

KICHWA: Sijaizima. Leo simu zetu zote ziko kwenye kapu mlangoni. Leo kampuni inasoma matokeo ya faida na hasara, hakuna anayeingia na simu mle ndani. Bosi mwenyewe ndiye aliyenichagulia yangu kapuni akanipa, akaniambia pole sana, kaongee na watu wako. Pole sana, Dada! Niko hapa kwenye ngazi, nimesimama tu.

DADA: Basi kaa. Ngazi ni kiti. Nina swali moja tu.

KICHWA: Usiulize.

DADA: Hujalisikia.

KICHWA: Nimeshalijua. Usiulize.

DADA: Ajenti wa muuzaji wa jumla yuko nje na lori—

KICHWA: Dada—

DADA: —anachukua laptopu zenye prosesa za kampuni yenu, zile ambazo boksi halijafunguliwa. Ananibadilishia na za wapinzani wenu, boksi kwa boksi. Yeye amejiaminisha kwamba leo mtasoma faida na bei yenu itapanda, ndiyo maana anazikusanya duka kwa duka. Mwisho saa kumi. Matokeo yakianza kusomwa, anafunga mlango wa lori, habadilishi tena. Nusu nimeshapakia. Niambie tu, na hii nusu nyingine nirudishe, au nibaki nayo?

[mtandao unakwaruza]

DADA: Haloo?

KICHWA: Nipo.

DADA: Nirudishe au nibakize?

KICHWA: Siwezi kusema.

DADA: Huwezi au hutaki?

KICHWA: Vyote viwili. Dada, wiki zote hizi tumekatazwa kuongea. Hata kwa kinyozi, akiniuliza kazi inakwendaje namwambia punguza pembeni. Aliyeshika hesabu hasemi kitu mpaka zisomwe kwa watu wote pamoja. Kuna mtu wa ghorofa ya juu alimnong'oneza mkewe tu, mke akauza hisa. Walichukua simu zao, wakasoma kila kitu. Amefukuzwa, na bado anakwenda mahakamani mpaka leo.

DADA: Mimi si mke wako.

KICHWA: Wewe ni mbaya zaidi.

DADA: Na sina hisa! Nina laptopu. Ukuta mzima wa laptopu, Kichwa, nikilala naziota. Mtaji wote wa msimu wa shule nimeuweka hapa, kwa sababu ni kampuni yako. Watu waliniambia changanya, chukua na za wale wengine. Nikasema mimi nina ndugu mle ndani.

KICHWA: Sikukuambia uchukue.

DADA: Hukuniambia. Mapenzi ndiyo yaliyoniambia.

KICHWA: [anapumua] Haziendi kabisa?

DADA: Zinakwenda kwa kusukumwa. Mteja anaingia, anainyanyua, anaipapasa chini kama anaangalia mtoto ana homa. Anasema hii si ndiyo ile inayochemka? Nusu saa nzima namsifia, anasema nitarudi. Kumbe anavuka barabara. Wale wapinzani wenu siku hizi mashine yao haina hata feni. Imenyamaza tuli! Chaji ya asubuhi inamfikisha mtu jioni. Kuna mwalimu nilimuuzia yenu, akaipakata akisahihisha mitihani, kesho yake kaja kuniambia imempigia pasi suruali.

KICHWA: Zile mpya zetu hazifanyi hi—

DADA: Zipi mpya?

KICHWA: Zile zilizotangazwa. Kwa watu wote. Mwezi uliopita.

DADA: Umeshtuka.

KICHWA: Sijashtuka.

DADA: Sauti yako yenyewe imekonda. Unaumwa?

KICHWA: Sijalala vizuri tu.

DADA: Haya, tufanye hivi. Hutasema kitu. Mimi nasema, wewe unasikiliza. Kama nibaki nazo, kohoa.

KICHWA: Dada, tafadhali.

DADA: Kohoa mara moja tu. Kukohoa hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

KICHWA: Sikohoi.

DADA: Basi nirudishe zote?

KICHWA: Sikohoi maana yake sikoho— [anakohoa]

DADA: Hee! Asante!

KICHWA: Hapana! Hicho ni kikohozi cha kweli! Kuna vumbi hapa kwenye ngazi!

DADA: Vumbi zuri au vumbi baya?

KICHWA: Vumbi la rangi, wanapaka ukuta! [anakohoa tena]

DADA: Mara mbili. Sasa mara mbili ni nini?

KICHWA: Nitakata simu. Haki ya Mungu nitakata.

DADA: [anacheka] Usikate, usikate. Ngoja. [kwa mbali] Wewe, taratibu na hayo maboksi, si matofali! [karibu] Wanapakia kama wanatupa taka. Kichwa?

KICHWA: Bado wanapakia?

DADA: Nusu imekwisha, nimekwambia. Wanasubiri neno langu. Mbona umeuliza hivyo?

KICHWA: Nimeuliza tu.

DADA: Ulitaka wapakie au wasipakie?

KICHWA: Nimeuliza tu, Dada!

DADA: Hunipigii kelele, bwana. Mimi ndiye niliyekupigia viatu rangi miaka yote ile unakwenda shule. Hesabu unazojua leo nilikufundishia kwa vifuniko vya soda. Leo una hesabu za dunia nzima mkononi, unamnyima dada yako neno moja.

KICHWA: Unadhani mimi sioni uchungu?

DADA: Sioni ngazi ulizokalia, nitauonaje uchungu wako?

KICHWA: Ile picha bado iko ukutani?

DADA: Picha ipi?

KICHWA: Unaijua.

DADA: Nimeikuza. Siku hizi inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

KICHWA: Na maandishi?

DADA: "Mdogo wetu ndiye anayetengeneza ubongo wa mashine hizi."

KICHWA: Dada, mimi ni mhasibu! Nahesabu upande wa laptopu. Chipu yenyewe sijawahi kuishika.

DADA: Mteja haulizi umeishika kwa mkono upi. Anaona shati lina nembo ya kampuni, anaona umetabasamu, roho yake inatulia.

KICHWA: Kila mtu anayeingia hapo anajua una ndugu huku.

DADA: Kila mtu. Ajenti, wapagazi, mpaka mama wa duka la vitambaa. Ndiyo fahari yangu hiyo, utaninyima na hiyo?

KICHWA: Sikunyimi. Ila... basi.

[mtandao unakwaruza]

DADA: —unasikia? Umeanza kukatika.

KICHWA: Nakusikia. Nimeshuka ngazi mbili.

DADA: Saa kumi inakaribia. Runinga nimeiwasha, tangazo la sabuni limekwisha, la benki limeanza. Kichwa, nikwambie kitu, halafu nitakuachia. Sitakuuliza tena.

KICHWA: Sema.

DADA: Nimechoka. Naamka usiku natembea sebuleni mpaka Mama ananiuliza kama nalinda lango. Nikikosea leo, duka hili silioni msimu ujao. Si maneno ya kukutisha. Ndivyo ilivyo. Lakini nimekosea kukupigia. Umekula kiapo chako, na mimi nimekuja kukuvuta shati. Nisamehe. Nitaamua kwa akili yangu ya dukani. Ile nusu iliyopakiwa iende, hii nusu ibaki, liwalo na liwe. Rudi kazini. Haya, kwaheri.

KICHWA: Dada, ngoja.

DADA: Nini?

KICHWA: Usikate. Sikiliza. Sikiliza vizuri, nasema mara moja. Hayo maboksi—

DADA: Ngoja, ajenti ameingia.

KICHWA: Sina muda, sikiliza. Hiyo nusu nyingine—

DADA: Nyamaza.

KICHWA: Nini?

DADA: Nyamaza, Kichwa. Funga mdomo. [kwa mbali] Naam, kaka? ... Ndiyo, ni yeye. ... Anauliza hali ya mama. ... Ha! Ananiambia nini? Yeye huwa haniambii kitu, tangu akiwa mdogo ni hivyo hivyo. [karibu, kwa sauti ya chini] Ameniuliza kama naongea na yule wa kwenye picha.

KICHWA: Amekuuliza hivyo?

DADA: Huku anaitazama picha. Halafu ananitazama mdomo. Ametabasamu, lakini si tabasamu la kirafiki. Kasema, leo hatuwezi kukushinda, una mtu wa ndani.

KICHWA: Mungu wangu.

DADA: Nikirudisha hata boksi moja sasa hivi, halafu mkasoma habari mbaya, huyu atakwenda moja kwa moja kwa wakubwa wake. Atasema aliniona na simu sikioni. Nimempa ushahidi ukutani, umeandikwa kwa herufi kubwa.

KICHWA: Ile nusu ulishaipakia kabla hujanipigia!

DADA: Nani atajua kabla na baada? Nisingekupigia, ningerudisha ninachotaka na hakuna ambaye angesema neno. Nimekupigia. Kosa ni langu.

KICHWA: Dada, usifa—

DADA: [kwa mbali, kwa sauti kubwa] Kaka! Shusheni!

KICHWA: Dada!

DADA: [kwa mbali] Nimesema shusheni! Zote! ... Ndiyo, na hizo zilizopakiwa. Nimebadili mawazo, sibadilishi kitu. ... Wapagazi nitawalipa kupakia na kushusha, usinung'unike, jasho ni lao si lako.

KICHWA: Dada, usishushe! Dada, nisikilize—

DADA: [karibu] Na wewe ukitamka neno nakata. Bado yuko mlangoni. Sema hali ya Mama.

KICHWA: Mama... hajambo?

DADA: Hajambo. Anakusalimia.

[kwa mbali maboksi yanagonga sakafu]

KICHWA: Wanashusha?

DADA: Wanashusha.

KICHWA: Zote?

DADA: Zote. Usilie, watu wa kazini watakuona.

KICHWA: Silii. Rangi inachoma macho.

DADA: Rudi chumbani basi.

KICHWA: Siwezi. Wameshaanza, mlango umefungwa. Niko hapa mpaka wamalize.

DADA: Basi kaa na mimi. Niliweka vocha kubwa kwa ajili ya kukubembeleza, acha itumike. Ngoja, wametokea. Kuna yule mkubwa wenu mwenye miwani, anatafsiriwa chini kwa maandishi. Hee, anasoma haraka huyu!

KICHWA: Dada, mimi sitaki—

DADA: "Mapato yamepanda." Kichwa! Yamepanda! "Faida imezidi matarajio." Imezidi! We mtoto, umenitia hofu bure! Imezidi matarajio!

KICHWA: Endelea kusikiliza.

DADA: Ajenti kanuna huyo! Kaka, umekosa! Maboksi yangu haya hapa! Mbona hufurahi?

KICHWA: Endelea kusikiliza, Dada.

DADA: "Faida imetokana na mashine kubwa za kwenye... za kuhifadhi data." Sawa. "Kwa upande wa laptopu..."

[mtandao unakwaruza]

KICHWA: Dada?

DADA: "...mauzo yameshuka. Washindani wamechukua sehemu kubwa ya soko." Ni kweli, wamechukua, hata hapa mtaani tunawaona. "Kampuni itapunguza bei ya prosesa za kizazi cha sasa, kuanzia..." Kizazi cha sasa ndicho kipi?

KICHWA: Ndicho hicho ulicho nacho.

DADA: Hizi?

KICHWA: Hizo.

DADA: Kwa hiyo kesho duka la ng'ambo linaziagiza kwa bei mpya, na mimi nimekaa na za bei ya zamani.

KICHWA: Ndiyo.

DADA: Zote.

KICHWA: Nisamehe, Dada.

DADA: Ajenti anapiga saluti. Anaondoka na lori tupu, anaimba. Niliyemuokoa ndiye anayeniimbia.

KICHWA: Nilitaka kukuambia. Unajua nilitaka. Neno lilishafika kwenye meno.

DADA: Najua. Na hukuniambia. Mtu akikuuliza leo, kesho, mahakamani, hukuniambia kitu. Sitaki uwe unaenda kwenye mabenchi ya mahakama kama yule wa ghorofa ya juu. Mimi nitauza hizi moja moja, nitazipunguza, nitaziombea. Wewe kaa na kazi ya— subiri, bado anasoma.

KICHWA: Zima runinga, Dada.

DADA: Kwa nini?

KICHWA: Zima tu. Umeshasikia la kwako.

DADA: "Ili kubana matumizi, kitengo cha laptopu kitapunguza wafanyakazi wa..." Kichwa.

KICHWA: Nipo.

DADA: Wewe uko kitengo gani?

KICHWA: Unakijua.

DADA: Hapana, niambie kingine. Niambie walikuhamisha, ukasahau kuniambia.

KICHWA: Hawakunihamisha. "Wafanyakazi wa mauzo, hesabu na ofisi." Ndivyo ilivyoandikwa.

DADA: Umejua lini?

KICHWA: Wakati naandaa hizo hesabu. Niliambiwa nijumlishe mishahara itakayoondolewa, waone watabana kiasi gani. Nikajumlisha. Wangu ulikuwemo.

DADA: Ukaujumlisha mwenyewe?

KICHWA: Ningeuacha, jumla isingekaa sawa.

[kwa mbali sauti ya mteja: "Samahani mama, hizi bei gani?"]

DADA: [kwa mbali] Subiri kidogo, baba. Kaa hapo. [karibu] Na mimi muda wote huu nakupigia kelele za maboksi. Kohoa, usikohoe.

KICHWA: Hukujua.

DADA: Nimeshusha mzigo wote ili usifukuzwe.

KICHWA: Najua.

DADA: Na ulikuwa umeshafukuzwa.

KICHWA: Nilikuwa nasikia maboksi yanagonga chini, moja baada ya jingine. Nilitaka kupiga kelele, Dada. Ukaniambia ninyamaze.

DADA: [anacheka kidogo, kicheko kinakatika] Nilikwambia. Ni kweli, nilikwambia.

KICHWA: Umekasirika?

DADA: Nimekasirika sana. Sijui nimkasirikie nani. Yule mwenye miwani hanijui, ajenti ameshaondoka, wewe umekaa kwenye rangi. Nimebaki na mteja huyu hapa, na yeye hana kosa.

KICHWA: Nikasirikie mimi.

DADA: Wewe ulishika neno lako huku unajua hawatakulipa kwa hilo. Nitakukasirikiaje? Utatoka hapo na jina lako safi, hakuna atakayekunyooshea kidole. Hilo angalau nimelinunua, na bei yake naiona imepangwa hapa mpaka darini.

[Ti-ti. Ti-ti.]

KICHWA: Hilo si salio linalia?

DADA: Ndilo. Vocha imenywewa yote. Kichwa, sasa yameshasomwa. Si umeruhusiwa kuongea?

KICHWA: Nimeruhusiwa.

DADA: Basi ongea. Haraka.

KICHWA: Sijui nianzie wapi.

DADA: Popote. Usipange, hauko kwenye mkutano. Sema.

KICHWA: Naogopa, Dada. Wiki zote hizi nakuja kazini, nacheka na watu, najua majina yao yamo humo, na langu limo. Nikirudi nyumbani nakaa na viatu miguuni mpaka kunakucha. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Naogopa kweli.

[Ti-ti.]

DADA: Njoo nyumbani. Unanisikia? Usipitie popote, usikae kwenye hizo ngazi ukifikiri, chukua koti lako njoo moja kwa moja. Mama simwambii kitu, utamwambia mwenyewe ukifika, mimi nitakuwa pembeni yako. Hizi laptopu tutaziuza wawili, wewe si ndiye unayezijua, na ukija usilete aibu za bure hapa, mimi ni dada ya—

[Tuu. Tuu. Tuu.]

KICHWA: Haloo? Dada? Haloo?

[anainuka kwenye ngazi]

KICHWA: Nimekusikia. Nakuja.